Kodi ya Kufunga Mdomo

Asubuhi ile Kariakoo nzima ilikuwa na ugonjwa mmoja: kila mtu alitaka kujua kama Kinyonga amekufa, na hakuna aliyetaka kuambiwa.

Kinyonga, kwa ninyi msiokuwa na televisheni, ni jasusi wa kwenye tamthilia. Akimgusa mtu, anavaa sura yake. Wiki iliyopita alipigwa risasi na rafiki yake mwenyewe, akadondoka kutoka ghorofani, na episodi ikakatiwa hapo hapo. Watu wazima wenye maduka yao walikosa usingizi. Episodi mpya ilitoka alfajiri, lakini anayewahi kufungua duka ataiangalia saa ngapi? Mpaka jioni.

Bakili, kijana wa mjini asiye na kazi, akaiona riziki.

"Mambo, Anuari?" alimsalimia muuza viatu wa Mtaa wa Kongo.

"Poa."

"Nimeiangalia, kaka. Weee! Yule rafiki yake, kumbe..."

"Nyamaza!" Anuari akaziba masikio.

"Ningependa. Ila mdomo unawasha. Labda nipate kitu cha kuutuliza."

Alitoka pale na raba nyeupe miguuni, kandambili zake kuukuu akazitupa jalalani kwa dharau. Kwa Mzee Muhiddin, muuza vitambaa, aliamkia vizuri kabisa, maana ujanja hauondoi adabu, akaondoka na kitambaa cha suruali. Mama Josepha naye akamtuliza kwa chai ya maziwa na vitumbua vya kufungiwa.

Sasa niwaambie ukweli: Bakili hakuwa ameangalia hata sekunde moja. Simu yake aliiweka bondi Buguruni kwa mkopo, naye alikuwa akiisubiri jioni alipe aingie kibanda umiza, kwenye televisheni ya wote, kama watu wengine. Na katika wote aliowatisha, hakuna aliyempenda Kinyonga kumzidi. Ile risasi ilimliza, akasingizia vitunguu, na chumbani kwake siku hiyo hakukuwa na kitunguu.

Lakini vya bure vina tabia ya kutokumwambia mtu "imetosha". Akaingia Msimbazi kwa Bi Badriya, muuza mapazia, mwanamke ambaye humpandishia mteja bei na mteja akashukuru.

"Shikamoo, Bi Badriya."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vizuri."

"Zawadi tu. Bi mkubwa, mwenzio nimeiangalia ile episodi ya Kinyonga, na mdomo wangu, unaujua..."

"Sema."

Bakili akapepesa macho. "Eti?"

"Sema. Amekufa, hajafa?"

"Ame... yaani mwanzoni, unajua, pale..."

Bi Badriya alimkagua kama noti anayoitilia shaka. Kisha akatabasamu.

"Hujaangalia wewe. Anuari kanipigia simu, kanieleza mchezo wako wote. Haya, kaa, mimi niliyeangalia nikusimulie. Yule rafiki yake akaingia hospitali, akamkuta Kinyonga..."

"Bi Badriya, usiseme!" Ilikuwa kelele ya mtu anayeibiwa, wapita njia wakageuka. "Nakuomba kwa Mungu! Miaka mitatu namfuata yule!"

"Sasa mdomo unaniwasha, nifanyeje? Vua raba hizo, zinamtosha Khalil wangu."

"Nitatembeaje?"

"Kinyonga alipodondoka alikuwa na viatu?"

"Usinitajie!"

"Hiyo ya wiki iliyopita, unaijua. Vua."

Raba zikavuliwa. Kitambaa kikafuata, na vitumbua pia, kimoja kikaanza kuliwa pale pale mbele ya macho yake. Bakili hakunung'unika. Alisimama kizingitini peku, akiipima lami inavyochemka, moyo wake umetulia: jioni bado ilikuwa yake.

Nyuma yake Khalil akatoka stoo, akaanza kujaribu raba.

"Mama, kwani umeiangalia saa ngapi?"

"Niiangalie wapi? Luku imeisha, nyumbani umeme hakuna tangu jana, na baba yako anajifanya hasikii."

Damu ikampanda Bakili kichwani. Kumbe! Akageuka, akaingiza kichwa dukani, akavuta pumzi aropoke yote, mwanzo hadi mwisho, nani kafa, nani kapona, na yule mama naye aumie!

Mdomo ukabaki wazi. Hakuwa na cha kuropoka.

"Funga, mwanangu, nzi wataingia," alisema Bi Badriya, akichukua kitumbua cha pili.