Mdoli Haguswi

Jumatatu, 18 Desemba

Mwaka huu watakuja kwangu. Nimesema! Mwaka jana mwanangu alimchukua mkewe na mtoto, wakaenda kula Krismasi kwa mama mkwe wake, yule ninayemwita Tausi kwa vile anavyotembea. Mwaka juzi walikuja hapa, chai haijapoa wakaaga. Eti wanakimbia foleni. Foleni gani siku ya Krismasi? Huyo Tausi ana kitu anachowapa. Nitakijua.

Mpango wa kwanza: kuumwa. Nimempigia mwanangu simu, nikakohoa mpaka nikaona nyota. Nikamwambia huenda hii ndiyo Krismasi yangu ya mwisho. Akashtuka, maskini. Akasema basi nipumzike kabisa, hawatanisumbua, na mtoto asije akaambukizwa. Wataenda kwa Tausi.

Nimemzaa mimi, halafu awe mjinga hivi! Lazima ni upande wa baba yake.

Jumanne, 19

Nimepona. Nimempigia tena asubuhi kwa sauti ya kuamrisha jeshi. Akauliza ni dawa gani hiyo. Nikamwambia maji ya moto. Amekubali kuja, ila akashusha pumzi, akaomba safari hii mtoto aachwe awe mtoto. Nikamuuliza kwani hapa huwa nani? Akasema salio linaisha.

Mjukuu wangu Kiroboto, ndivyo ninavyomwita maana hatulii, akadaka simu akauliza kama ataruhusiwa kuingia sebuleni. Nikamwambia akinawa miguu, tutaona.

Jumatano, 20

Upelelezi. Nimekwenda kwa Tausi nikijifanya naazima sufuria ya keki. Niliyoyaona! Makochi yamebonyea katikati kama yamepigwa ngumi. Pazia limeshikwa na vibanio vya nguo. Ukutani Kiroboto amechora kwa mkaa watu wenye vichwa kama viazi, na mwanamke hajafuta! Nikamuuliza kama sabuni imemwishia. Akacheka. Akaniambia, "Mkwe mwenzangu, kaa popote, hapa hakuna cha kuharibika."

Kweli. Vyote vimeshaharibika. Nikakaa. Kochi likanimeza, ikabidi anivute kwa mikono miwili. Aibu yake, si yangu.

Siri nimeijua: wanamwonea huruma. Basi mimi nitawaonyesha nyumba.

Ijumaa, 22

Fundi cherehani, jirani yangu, ameleta vitambaa vipya vya makochi. Juu yake nimevalisha nailoni nene. Vitambaa vinalinda makochi, nailoni inalinda vitambaa. Fundi akauliza nailoni italindwa na nani. Nikamwambia yeye ashone, mdomo autie zipu. Akaondoka akicheka, eti, "Bibi, wewe ni mwenye nyumba au ni mlinzi?" Kiherehere kile!

Sakafu nimeipaka nta nyekundu, nikaisugua kwa magoti. Mgongo umekataa kunyooka. Nimepika nimeinama, nimeosha vyombo nimeinama. Lakini sasa naiona sura yangu sakafuni. Imechoka.

Zawadi nimepata. Mdoli! Gauni la kung'aa, viatu vya kufunga, macho yanafumba ukimlaza. Mimi utotoni mdoli wangu alikuwa gunzi la mahindi nililolibeba mgongoni kwa kitambaa. Nililiweka chini mara moja tu, nikafunge kamba ya gauni. Mbuzi wa jirani akalitafuna mbele ya macho yangu. Huyu hataliwa na mtu.

Jumapili, 24

Mdoli nimemweka kwenye kabati la kioo, katikati ya vikombe vya harusi yangu. Vikombe hivyo havijanywewa hata siku moja. Marehemu mume wangu aliwahi kuomba chai ndani ya kimoja, nikamwambia angoje wageni. Amekufa akingoja. Lakini vikombe vipo, vizima.

Nimefunga kabati kwa kufuli. Tausi hana kabati. Tausi hana hata kufuli!

Jumatatu, 25

Wamekuja! Wakavua viatu mlangoni, nikawakagua nyayo mmoja mmoja. Mkwe wangu alikuwa na keki kutoka kwa mama yake. Mwanangu akaipokea, akakanyaga nta, akaenda chini na keki yake kama mtu anayeogelea. Keki ya Tausi imekufa. Nilisikitika kwa uso tu. Lakini nta yangu jamani! Nikapiga magoti papo hapo nikaanza kusugua, wao wamesimama ukutani. Nikawaambia wasiegemee.

Wakakaa kwenye nailoni. Kila aliyepumua, kochi likalia. Mwanangu anateleza, anajivuta, anateleza, anajivuta. Mkwe wangu alipoinuka, gauni likabaki limenata. Akauliza kwa adabu kama tunaweza kula uani. Nikamuuliza sebule imemkosea nini.

Ndipo nikampeleka Kiroboto mbele ya kabati. Nikamwambia, huyo ni wako, mjukuu wangu. Akaruka! Akanyoosha mikono. Nikamuuliza mikono ya nini tena? Mwangalie. Ni wako, ila atakaa humo asichafuke. Ukiwa mkubwa nitakupa.

Akabandika uso kwenye kioo. Akatulia, yeye ambaye hatulii. Halafu akauliza, "Bibi, humo ndani anacheza na nani?"

Nikamwambia hachezi. Ndiyo maana ni msafi.

Hakulia. Angelia ningemkaripia, yakaisha. Alikwenda mlangoni kuvaa viatu mwenyewe. Mwanangu akaniomba ufunguo. Nikasema mdoli atavunjwa. Akaniomba tena, polepole. Nikautumbukiza kifuani mwa gauni. Achukue basi! Akanitazama vile baba yake alivyonitazama siku ya kikombe.

Wakaondoka. Kuku hajakatwa hata paja. Eti foleni.

Jumanne, 26

Nyumba kimya. Sakafu inang'aa. Nimekula kuku jikoni nimesimama, maana makochi nimeshayafuta.

Mwanangu amepiga simu. Watakaa kwa Tausi hadi mwaka mpya. Kiroboto akaidaka simu, akauliza kama mdoli amekula. Nikamwambia hajambo, hana hata chembe ya vumbi. Kisha akasema, "Mwambie pole," akarudisha simu kwa baba yake.

Fundi cherehani amepita kuuliza Krismasi ilikuwaje. Nikamwambia nzuri sana, hakikuvunjika kitu. Safari hii hakucheka. Kaona wivu.

Kosa nimeliona. Mdoli ni zawadi ndogo, ndiyo maana hawakukaa. Mwaka kesho namnunulia baiskeli. Nimeshaiona dukani, nyekundu, ina kengele. Kabatini haitaingia, lakini seremala ataniundia kabati lingine la kioo, kubwa, lenye kufuli mbili. Hapo ndipo Tausi atanijua!

Jioni nimefuta kioo cha kabati. Palikuwa na alama ya pua, ndogo, chini kule anakofika yeye. Nilifuta huku, nikafuta kule, pale mkono ukakataa. Nikakata kipande cha nailoni, nikakibandika juu ya ile alama.

Isije ikaguswa.