Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata dawa ya baba wa mchumba wangu! Mzee ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na posa yangu bado anaizungusha. Anampendelea daktari wa meno, eti kijana makini. Basi nitampelekea namba: 1,000,001. Moja huku, moja kule, katikati hakuna mtu. Isome mbele, isome nyuma, ni ile ile. Na haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kitaalamu huitwa namba tasa. Kwenye posa neno hilo nitaliruka.

Jumanne, 4 Machi
Mchumba kauliza nimejuaje kwamba haigawanyiki. Nikamwambia inaonekana tu. Akasema kwa baba yake hakuna kuonekana. Nijaribu kuigawa kwa namba tasa zote hadi elfu moja. Elfu!

Alhamisi, 6 Machi
Tatu, hapana. Saba, inabaki mbili. Kumi na tatu, inabaki mbili. Thelathini na saba, mbili tena! Kidole kimeota sugu. Nimefika tisini na saba, nikaweka kalamu chini. Mtaka yote hukosa yote. Nimepita kwa sonara, pete mbili zimechorwa namba yetu. Daktari wa meno akang'oe meno.

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Hotuba ilikwenda vizuri: penzi letu, mzee, ni kama namba hii. Mzee akavaa miwani, akauliza niliishia wapi kuigawa. Nikajibu kwa kujidai, tisini na saba. Akauliza namba tasa inayofuata ni ipi. Akajijibu mwenyewe: mia moja na moja. Akagawa palepale: 9,901, hakikubaki kitu. Daktari wa meno, sijui nani alimkaribisha, akacheka hadi nikaona magego yake. Mzee akasema kosa si namba. Binti yake hawezi kuolewa na mtu wa kuishia njiani. Nilitaka kulia. Mchumba akanitetea mpaka mzee akalegea: nirudi Jumamosi na namba niliyoimaliza. Nikikosea tena, basi.

Jumatatu, 10 Machi
Mchumba kanipa 999,983. Kaijaribu mwenyewe hadi mwisho, haigawanyiki kabisa. Namshukuru. Lakini tuseme ukweli, namba gani hiyo? Tisa, tisa, tisa, tisa, halafu inajikwaa. Huwezi kuivaa kidoleni.

Jumamosi, 15 Machi
Ufumbuzi umepatikana! Ile ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Sonara kabanabana, katia sifuri moja zaidi: 10,000,001. Nimeigawa kwa mbili, tatu, tano na saba. Imegoma. Inatosha.

Mchumba kapiga simu asubuhi hii, kauliza kama nimejaribu kumi na moja. Nikamwambia aondoe shaka: namba yenye moja mbele na moja nyuma haiwezi kuangushwa na moja mbili zilizokaa pamoja, hao ni ndugu. Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Kisha akasema anakwenda kumwona daktari wa meno.

Maskini, kumbe jino linamsumbua na hakuniambia.