Mdhamini wa Tanuri

Tajudini alikuwa na suti moja, simu mbili, na Probox nyeupe aliyoilipia mpaka faranga ya mwisho. Maishani mwake, gari hilo ndilo kitu pekee ambacho hakikuwa uongo.

Asubuhi hiyo aliliegesha Rohero, mbele ya ofisi ya mikopo midogo. Watu hutoka pale wamekunja uso, na aliyekunja uso husikiliza lolote. Mara akatoka Consolate, mwoka mikate wa Carama, bahasha kwapani.

"Mama, bamekukatalia?"

"Apana. Banataka avalizeri. Mutu mwenye mali asaini, mi nikishindwa, ye alipe."

Bujumbura, ukitaka kujua ndugu zako wana mbio kiasi gani, waambie unatafuta avalizeri. Consolate alikuwa ametafuta miezi sita, ili tu anunue tanuri la umeme.

"Basi umefika," alisema Tajudini, akinyoosha tai. "Mi napitishaga madosie ya mikopo kule ndani. Unanipa elfu mia tatu tu, ya kahawa ya bakubwa."

"Niko nazo. Lakini saini we mwenyewe, nakupa hapahapa."

Tajudini alisita, kisha akapiga hesabu ya kijanja. Dosie ya mwoka mikate ikubaliwe, wapi na wapi! Italala kabatini mpaka panya waisome, wataikataa, naye atarudishiwa karatasi zake. Akaingia kifua mbele, akasaini mara nne, akaacha na hati ya Probox kama dhamana. Consolate akamhesabia noti zote bila kuomba apunguze hata moja. Mtu mwenye akili angeogopa hapo hapo.

Fedha ziliisha kwa siku nne, kwenye mishikaki ya Buyenzi. Siku ya kumi na mbili simu ikalia.

"Patron, bamekubali! Banasema mukate yangu haikukuwa na shida. Ilikosa tu avalizeri."

"Nataka karatasi ya gari yangu!"

"Miaka mbili, patron. Nikimaliza kulipa, banakurudishia. Nikishindwa, banabeba gari."

Sauti ya Tajudini ikawa nyembamba. "Sasa we utashindwa, mama?"

"Ni Mungu anajua. Tanuri inatoa mikate mia tano kwa siku. Mi niko na mikono mbili, na gari sina."

Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Mwerevu wetu alikata simu, akakaa kwenye usukani wake, akalia kidogo. Kisha akawasha gari kuelekea Carama.

Siku hizi utamkuta mtaani Kinanira, anapanda vilima na mikate ya Consolate mlango kwa mlango, suti imejaa unga. Ulimi bado mtamu. Ila mtu akimwambia nyumbani wana mkate wa jana, machozi humlengalenga, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake ni machozi ya kweli.

"Chukua mbili, ndugu yangu," anasihi. "Moja ya chai. Ingine ya kuokoa gari yangu."