Sindano na Mchungwa wa Mama

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji, mume wa dada, amefunga mipira ya matone shambani kwa Mama. Mmoja safu yangu ya michungwa, mmoja safu yake. Maji yanadondoka tone... tone... Mti mzima unanyweshwa kama mgonjwa! Eti hivyo ndivyo tangi litatutosha hadi mvua. Nikaitikia kwa kichwa.

Mwisho wa mpira wangu upo mchungwa wa Mama. Aliupanda na marehemu Baba. Kila asubuhi huusalimia kabla hajatusalimia sisi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeazima kimyakimya sindano ya Mama ya kushonea magunia. Nikatanua matundu ya mpira kwenye miti yangu yote. Maji yanatiririka! La mti wa Mama sikuligusa. Mali ya mzazi haichezewi.

Jumatano, 19 Juni

Michungwa yangu imenawiri. Nimempitia shemeji nikipiga mluzi. Hakuuliza kitu. Roho ya kwa nini hiyo!

Sindano siioni. Itakuwa imeanguka mahali.

Jumamosi, 20 Julai

Mama kauliza kwa nini mti wake unapukutisha majani. Nikamwambia ni uzee. Akaitazama mikono yake. Baadaye ndipo nikatambua alidhani namsema yeye.

Nimekwenda kuutazama. Udongo mkavu, tundu halitoi hata tone. Maji yote yanaishia kwangu.

Jumapili, 21 Julai

Niseme ukweli? Thubutu! Nimenunua busta, mbolea ya kupuliza majani, ile yenye zinki na boroni. Muuza pembejeo alisisitiza kifuniko kimoja kwa bomba zima la kupulizia, tena asubuhi au jioni. Nimetia vitano, saa sita mchana. Mgonjwa mahututi hapewi dozi ya mtoto.

Jumatano, 24 Julai

Majani yaliyobaki yameungua. Shemeji akaufuata mpira wangu tundu kwa tundu. Karibu na tangi akachomoa kitu. Sindano! Niliisahau imechomekwa. Akampa Mama.

Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba mwaka wa ukame Baba aliubebea maji kwa ndoo mti ule, ukapona. Akaingia ndani. Afadhali angenichapa. Nimelia nyuma ya tangi, kweli nimelia.

Jumapili, 25 Agosti

Mchungwa umekauka, shemeji ameukata. Asubuhi Mama alisimama mbele ya kisiki, hakujua pa kuanzia salamu. Sitaisahau sura ile.

Kisha akanipa mche, akaniomba niutunze mimi mwenyewe. Mimi, baada ya yote! Nimeupanda pale pale, mwisho wa mpira. Nimeapa hautaonja kiu.

Nimewaza sana. Kosa lilikuwa kuruka tundu la Mama. Safari hii nalo nitalitanua. Sindano Mama ameificha, ila nimepata msumari, tena mnene. Nitaanza na safu yangu, nizoeshe mkono.