Njiwa wa Ami Bayumi na Maneno Kumi ya O Mbili

Jumapili, 3 Novemba

Mwalimu Wagdi ametangaza: Alhamisi, kwenye matangazo ya asubuhi, mwanafunzi mmoja atasimama mbele ya shule nzima na kutaja maneno kumi ya Kiingereza yenye herufi mbili za namna moja, pamoja na maana zake. Bila karatasi! Mchujo ni Jumatano, darasani. Miaka minne nimeshika waya wa maikrofoni. Maikrofoni yenyewe, kamwe. Mkono wangu ukanyooka kabla akili haijauzuia.

Hazem naye akanyoosha. Huyo ana sauti ya muuza matikiti. Akanigeukia: eti Profesa, sauti utakuja nayo, au umeiacha kwa mama? Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Aibu!

Nimechagua maneno yenye o mbili. Hukaa mdomoni muda mrefu, mtu anapata nafasi ya kupumua.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimejaribu mbele ya kioo. Nikajionea haya mwenyewe.

Wazo! Nahitaji wasikilizaji wasiocheka. Nikapanda juu ya paa. Paa la jirani lina njiwa wa Ami Bayumi, ambao kwa kauli yake mwenyewe hawana mfano katika mtaa wetu mzima wa Shubra. Nikachota dengu za Mama: neno moja, kiganja kimoja. "Moon", mwezi! "Spoon", kijiko! "Gloom", majonzi! Wakatua saba. Wakainamisha vichwa upande, wakasikiliza. Sijawahi kuheshimiwa namna hii.

Jumanne, 5 Novemba

Njiwa kumi na tisa. Hata Malkia, yule mweupe mwenye manyoya miguuni! Maneno yote kumi, bila kosa.

Mama kauliza dengu zimekwenda wapi. Nikamjibu kwamba zimetumika katika elimu. Akasema basi leo elimu itakula mkate mkavu.

Magharibi Ami Bayumi alipeperusha bendera yake ya kuwaitia njiwa na kupiga mbinja mpaka mashavu yakamwiva. Njiwa hawakurudi. Nilijificha nyuma ya dishi la televisheni. Tatizo ni hili: mtaani kwetu, njiwa akitua kwenye paa lako akalala hapo, ni wako. Mwenyewe akimtaka, sharti aje kumwomba mbele za watu. Mimi, mwizi wa njiwa! Mimi, ambaye sijawahi kudaka hata mpira.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi, mchujo. Nikasimama. Nyuso arobaini. Sauti haipo. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta dengu. Nikatupa chache sakafuni. "Moon!" Likatoka! Nikatupa tena. Yakatoka yote kumi. Hazem alikwama kwenye neno la tisa, maana yake ilimpotea. Mwalimu Wagdi akasema nimeshinda, na nifagie.

Jioni, balaa. Ami Bayumi mlangoni, wafuga njiwa watatu nyuma yake, majirani wamejaa ngazini. "Rauf mwanangu, miaka ishirini na miwili hakuna aliyeshusha njiwa wangu, sembuse Malkia. Nani kakufunza?" Machozi yalimlengalenga. Nilitaka kumwambia achukue njiwa wake wote na anisamehe. Nikaishia kuangalia miguu yangu. Mmoja akanong'ona: mwone, hata kujisifu hajisifu, huyu bingwa hasa.

Mama ndiye aliyewarudisha njiwa, kapu zima, pamoja na maneno makali kuhusu dengu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeshika maikrofoni! Mifuko miwili imejaa dengu. Sikukumbuka kwamba saa hiyo ndiyo Ami Bayumi huwarusha njiwa wake.

"Moon!" Vipaza sauti vikalipeleka neno hadi kwenye mapaa yote ya mtaa. Dengu zikaruka. Neno la tatu, Malkia akatua begani kwa Mwalimu Mkuu. Neno la tano, jua halionekani. Wanafunzi mia sita wanapiga mayowe. Niliendelea! Ningeachaje? Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasikika. Neno la nane, "noon", adhuhuri, na Ami Bayumi akaingia langoni na bendera yake, akinililia: "Wewe mtoto, umeniachia hata mmoja?" Neno la tisa, waya ukachomolewa. La kumi nikalipaza kwa koo tupu: "Balloon", puto!

Aliyepiga makofi ni Hazem peke yake. Eti, "Profesa, kumbe unayo!"

Ijumaa, 8 Novemba

Adhabu: kusugua uwanja wiki mbili, na maikrofoni nisiisogelee. Hata waya. Ami Bayumi kasema akiniona tena na dengu mkononi, atanilisha mbichi. Ila Mwalimu Wagdi, Mungu amlinde, kaninong'oneza kwamba mwezi ujao atanipigania nipewe nafasi nyingine, mradi nijifunze kusimama kama watu wengine.

Nimetafakari kwa kina siku nzima, na kosa langu nimeliona. Njiwa wanaruka.

Kwa hiyo sasa ni maneno yenye e mbili, na wasikilizaji ni paka wa duka la samaki. Vichwa vya samaki nimeshapata, vimo kwenye mkoba wa shule. Leo wamekuja paka wanne. Wanasikiliza vizuri kuliko njiwa.