Pole za Msiba kwa Kila Mwanachama

Leo nimeadhirika. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana hapa Tabora. Shule niliachia darasa la tatu, na nyumba nimejenga (wasomi wamepanga kwangu). Sasa binti yangu Nyamizi ananifundisha kompyuta. Tuna majedwali mawili: moja la wanachama na namba zao, la pili la misiba. Ukitaka kumtumia mfiwa meseji ya pole, unayaunganisha.

"Baba, iambie namba ya huku ifanane na ya kule," alinionya. "Usipoiambia, kila mtu itampa kila msiba."

"Nilikuwa napeleka tumbaku Urambo wewe hujazaliwa!"

Akaenda kazini. Nikaunganisha. Nikatuma. Namba nikasahau.

Simu ya kwanza, Mzee Kapama: "Mwenyekiti, mama yangu kafa lini? Mbona niko naye hapa anatafuna karanga!"

Jasho! Kuangalia, kila mwanachama kapewa misiba yote. Nikakumbuka: mama mkwe wangu wa Goweko naye ni mwanachama. Na msiba mmojawapo ni wa mzee aliyefiwa na mume wa binti yake. Mama mkwe ana binti mmoja tu. Mumewe ni mimi.

Nikazima simu. (Ushujaa wangu uliishia hapo.) Mke wangu yuko shamba, simu yake kaiacha mezani. Nikashinda ndani, kila pikipiki ikipita nashtuka. Alasiri nikaenda kuoga nitulize moyo.

Ndipo kilio kikaingia uani. "Mkwe wangu weee! Mwanangu umemwachia nani!"

Sauti ile naijua. Kwetu mama mkwe hata mkono humpi; utamtokea na taulo? Nikachomoka kwa mlango wa nyuma, nikajificha stoo kwenye marobota ya tumbaku. Nikabana pumzi. Huko nje akalia kwamba nilikuwa mpole (mpole! mimi!). Tumbaku ikanipanda puani. Nikaminya pua. Nikamwomba Mungu.

"Haaa-chyaa!"

Kilio kikakatika. Mlango ukafunguka. Mama mkwe, na wanawake wa Goweko nyuma yake. Nikainua mikono yote miwili nijieleze. Kosa la pili hilo.

"Shikamoo, mama."

Akajifunika uso kwa kanga. "Marahaba, baba. Maiti huvikwa sanda. Wewe hata taulo limekushinda."

Sasa nimevaa suruali, tena mbili. Namba sitaisahau tena. Huko nje wanapika na kucheka, mimi bado niko chumbani. Nani anajua gari la mwisho la Goweko linaondoka saa ngapi?