Breki Zangu Zinafanya Kazi, Naomba Ziondolewe

Mwalimu Theodory Margwe (Mstaafu),
Bonga, Babati.
12 Juni, 2023.

Ndugu Mwenyekiti Rehani,
Umoja wa Mafundi Baiskeli,
Babati Mjini.

YAH: FUNDI RASHIDI KUTENGENEZA BAISKELI YANGU IKATENGENEZEKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, bisibisi mkononi. Mimi si mtu wa malalamiko. Katika miaka thelathini na moja ya kufundisha niliandika barua za malalamiko kumi na tisa tu, na nakala zake ninazo. Hii ya ishirini nimelazimishwa.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilifunga kwenye baiskeli yangu gurudumu la nyuma lenye mota ya umeme, ile inayokaa katikati ya spoku kama sufuria lililofunikwa. Inavuta kama ng'ombe aliyenusa maji. Breki zangu za zamani, zile za mpira zinazobana rimu, zilijitahidi wiki mbili zikasalimu amri. Kwa miezi saba nikawa nasimama kwa kuingia kwenye ua wa minyaa wa jirani. Watu wa Bonga walinizoea. Nikitokea tu, kinamama walinyakua watoto na ndoo wakisema, "Pisheni, Mwalimu hana breki!" Heshima niliyoikosa darasani niliipata barabarani.

Sasa nieleze habari za kaka yangu Fabiani. Amenizidi miaka kumi na miwili, na nyumba yake iko kando ya barabara ninayopita kila siku kwenda mjini. Miaka minne iliyopita, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Kindness kabla ya ndoa, nilipewa kipaza sauti niseme maneno machache. Dakika ya kumi na saba, nikiwa bado kwenye utangulizi, Fabiani aliinuka mbele ya wageni mia mbili akachomoa waya ukutani. Tangu siku hiyo sikukanyaga kwake. Lakini kumpita mkubwa wako bila salamu ni aibu, na kusimama kumsalimia ni kushindwa. Baiskeli isiyo na breki ilinitatulia jambo hilo. Nilipita kwa kasi nikipaza sauti, "Shikamoo kaka, sina breki!" na marahaba yake ikanifuata mgongoni. Adabu imetimia, hasira haijaguswa.

Ndipo mke wangu, Mama Hope, alipoipeleka baiskeli kwa Fundi Rashidi siku niliyokuwa msibani Sigino. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rashidi hakubahatisha. Ubavuni mwa mota kulikuwa na matundu sita ya skrubu, akafunga hapo diski ya breki. Ilipokwaruza fremu, akaongeza washa, zile pete nyembamba za chuma, mpaka ikazunguka bila kugusa kitu. Fremu haikuwa na mahali pa kushikiza kibanio cha pedi. Fundi mwingine angerudisha baiskeli na kusema haiwezekani. Yeye akakata kipande cha jembe la ng'ombe, akakichomelea. Halafu akaunganisha waya kwenye mkono wa breki, ili ukibana na mota nayo izime. Naomba Umoja uchunguze bidii hii ilitoka wapi na ilikuwa na nia gani.

2. Sikuambiwa. Kesho yake nilibana breki kwa mazoea tu, kama mtu anavyokuna mahali pasipowasha. Baiskeli ilisimama. Mimi niliendelea. Nilitua juu ya meza ya nyanya ya dada Salme, naye akaniuliza bila hata kucheka, "Mwalimu, nikufungie ngapi?" Nilichukua sado nzima, kopo la lita nne.

3. Kuku hawanipishi tena. Na watu wanaomba lifti. Zamani nilijibu kwamba sina breki, leo sina jibu. Juzi nilimpeleka mama mmoja kwa bwana mifugo pamoja na mgonjwa wake. Mgonjwa alikuwa jogoo, na njia nzima alikaa kifuani kwangu.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Rashidi hawezi kunyamaza. Alitangaza sokoni kwamba baiskeli ya Mwalimu sasa ukiibana inasimama kama imeitwa na mama yake. Habari zikamfikia Fabiani. Jumanne iliyopita nilipotokea nikipaza sauti kama kawaida, aliweka chini hindi alilokuwa anapukuchua, akatembea hadi katikati ya barabara, akasimama. Ana miaka sabini na sita.

"Marahaba," akasema. "Rashidi ameniambia unazo."

Ndugu Mwenyekiti, ilibidi nichague kati ya hasira yangu na magoti ya kaka yangu. Nilibana. Nikasimama shubiri moja kutoka alipo. Na mtu aliyekwisha kusimama hawezi tena kudai kwamba anapita.

"Ingia ndani," akasema. "Uimalizie ile hotuba."

Niliingia, nikasimama mbele ya kabati la vyombo, nikakohoa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kilichokuwa kimebaki ni sentensi moja. Nilikuwa nataka kusema: kaka, baba alipofariki uliacha shule ili mimi nisome. Basi. Zile dakika kumi na saba zote nilikuwa natafuta ujasiri. Nilipoisema, Fabiani alinisogezea kiti.

"Ungeanza na hiyo," akasema. Kisha akamwita mkewe amtafute kuku.

Hasira niliyoitunza miaka minne, bila kukosa hata siku moja, iliisha kabla kuku hajaiva. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu asiye na wa kumnunia, na katika umri wangu si rahisi kupata mwingine.

Kwa hiyo naomba breki hizo ziondolewe, Rashidi aonywe asitengeneze mambo ambayo hakutumwa, na Umoja unirudishie hasira yangu, au nyingine ya ukubwa huohuo.

Nisalimie mafundi wote, mama watoto, na yule mzee anayeziba pancha hapo mlangoni kwenu.

Ni mimi, niliyesimamishwa bila ridhaa yangu,

Mwl. Theodory Margwe

Nyongeza: Fabiani amefika sasa hivi, anataka nimpakie Jumamosi twende Nangara kumwona Kindness, amejifungua. Anasema hapandi mpaka gurudumu la mbele nalo lifungwe diski. Tafadhali mwambie Rashidi aifanye kazi hiyo kabla ya Ijumaa, na aifanye yeye mwenyewe, asimwachie mtu mwingine. Hayo ya juu, kuanzia namba moja hadi nne, mnaweza kuyajadili akishamaliza.